Mfumo Mwepesi na Michoro ya Miguu

Kila asubuhi ya likizo, kabla hata ya kunywa chai, Injinia alikwenda karakana ya baba yake kuwasha kompyuta. Aliiwahi kwa sababu ilikuwa na uvivu wake. Ungeibonyeza, ukafagia chumba kizima, ukapanga visu na koleo mezani, ukarudi, na bado kile kiduara cha kwenye kioo kingekuwa kinazunguka bila haraka yoyote.

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu, na jina hilo alipewa na baba yake siku alipoifufua redio ya nyumbani kwa kuisafisha tu pale panapokaa betri. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya kililetwa kwake, naye hakukataa hata kimoja. Tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kimeanza kumvimba.

Baba yake alikuwa fundi viatu, lakini si wa viatu vya kila mtu. Alishona viatu vya watoto ambao miguu yao imepinda, au mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Mtoto alipoletwa, alisimamishwa juu ya kadibodi. Baba alipiga magoti, akazungusha penseli taratibu kando ya unyayo, kisha akaandika pembeni: hapa painuliwe, hapa panauma, hapa pasiguswe. Injinia aliupitisha mchoro kwenye skana, ukaingia kwenye kompyuta pamoja na namba ya simu ya mzazi. Na kadibodi yenyewe? Baba aliikatakata ikawa ya kutandika ndani ya viatu vingine. Hakuwa mtu wa kutupa kitu.

"Mchoro uko ndani ya mashine," alikuwa akisema. "Kadibodi nayo ikafanye kazi."

Jumamosi moja kompyuta iliganda mbele ya mteja, ikakataa katakata kusonga mbele. Mteja alipoondoka, baba alishusha pumzi. "Jumatatu tutaipeleka kwa dada fundi kompyuta," alisema. "Imetuchosha." Kisha akachukua mfuko wake, akaenda kununua ngozi.

Maneno hayo yalimchoma Injinia. Fundi kompyuta wa nini, na yeye yupo? Alikaa chini, akaingia mtandaoni, akatafuta namna ya kuifanya kompyuta kuukuu iwe nyepesi. Haikuchukua muda akakutana na video ya kijana mmoja mchangamfu, mwenye maneno matamu kama mwuza dawa ya meno. Kijana alisema ameuchukua mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoiongoza kompyuta nzima, akaupunguza uzito. Vyote visivyo na kazi amevitoa. Bure kabisa! Chini ya video palikuwa na kiungo cha kupakua, na watu wamejaa wakimshukuru.

Injinia alikibonyeza. Ukurasa uliofunguka haukuwa wa kampuni iliyoutengeneza mfumo ule, hilo aliliona. Sharti la kwanza lilisema: zima kinga ya virusi kabla ya kuendelea. Hapo alisita. Mtu anayekuletea kitu kizuri, kwa nini akutake uufungue mlango na kumwondoa mlinzi? Lakini mtu akishajiona hodari, hujijibu mwenyewe haraka. "Kinga huwa inachelewesha tu," alijiambia. Kwa tahadhari, alinakili michoro yote kwenye flashi. Kisha akaanza kusakinisha.

Baba aliporudi na ngozi begani, kompyuta iliwaka kabla hajautua mzigo.

"Loo! Ndiyo ile ile?"

"Ndiyo hiyo, Baba. Nimeiwekea mfumo mpya."

"Umeutoa wapi?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu la kweli lilikuwa refu kidogo. Injinia alichukua lile fupi. "Kwa kampuni yenyewe, Baba. Kwenye tovuti yao."

"Hongera, mwanangu!" Baba alimpa mkono kama anavyompa mtu mzima. Safari ya kwa dada fundi ikafutwa. Injinia akarudisha michoro kwenye kompyuta, na ile flashi akaisahau palepale ilipochomekwa.

Siku mbili mambo yalikwenda vizuri mno. Jumanne, alipotaka kuwasha kinga ya virusi, ilikataa. Alijaribu mara tatu, ikakataa mara tatu. Kompyuta nayo ilikuwa ikivuma hata ilipokuwa haina kazi. Alijua alipaswa kumwambia baba yake, lakini kumwambia hilo kungeleta na lile swali la Jumamosi. Akalifunga lile dirisha la onyo, akajitia hamnazo.

Wiki hiyo baba alikuwa na kazi moja moyoni. Kulikuwa na mtoto wa miaka saba aliyeitwa Kibibi, aliyeletwa na bibi yake kutoka mbali, nusu siku ndani ya basi. Mguu wa kulia wa Kibibi ulikuwa umepindia ndani. Kila alipotoka nyumbani alibebwa mgongoni. Jumatatu shule zikifunguliwa ndiyo angeanza darasa la kwanza, naye bibi alikuwa amesema waziwazi: "Mwanangu, mgongo huu hauwezi tena. Usipompatia viatu, hatasoma." Fundi alimpa ahadi kwamba Jumamosi viatu vitakuwa tayari.

Alhamisi asubuhi kiatu cha kushoto kilikuwa kimekwisha, kimewekwa mezani, kinang'aa. Baba alinawa mikono, akaketi aanze cha kulia. Akafungua mchoro. Haukufunguka. Akajaribu wa mtoto mwingine, haukufunguka. Kila jina la faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi zisizosomeka. Mara kioo kizima kikawa cheusi, na maandishi meupe yakatokea: faili zenu zote tumezifunga, lipeni ndani ya siku tatu mfunguliwe.

"Injinia! Njoo uone. Nini hiki?"

Injinia alikimbilia flashi. Michoro iliyokuwa ndani yake ilikuwa na mikia ileile. Akaichomoa.

"Lakini mfumo huu si tulipewa na kampuni?" baba alisema, tayari ameshika simu. "Basi tuwapigie watueleze. Haiwezekani watuharibie kazi namna hii! Hebu nitafutie namba yao."

Uongo wa Jumamosi ulikuwa sasa unadai uongo mwingine. Na mwingine ulikuwepo, tayari mdomoni kabisa: kwamba ni virusi tu, havijulikani vilikotoka. Baba angeamini. Injinia alikitazama kile kiatu kimoja pale mezani. Machozi yakamlengalenga, akajikaza.

"Usipige simu, Baba. Nilikudanganya. Mfumo sikuutoa kwao. Niliupakua kwa mtu nisiyemjua, na alinitaka nizime kinga, nikazima. Jumanne niliona kuna kitu hakiko sawa. Nikanyamaza."

Baba hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliiweka simu chini, akasema, "Vaa viatu. Kamwite dada fundi."

Dada fundi kompyuta alikuwa mwanamke mwepesi wa maneno, miwani imepandishwa utosini na bisibisi iko mfukoni. Jambo la kwanza alichomoa waya wa mtandao. La pili aliomba asimuliwe kila kitu, bila kupunguzwa. Injinia alisimulia.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema alipomaliza kukagua. "Programu nyingi huingia ndani ya kompyuta kama wageni. Kinga huwatazama mlangoni. Lakini mfumo endeshi si mgeni, ndiye mwenye nyumba, ana funguo zote. Wewe umemkaribisha mwenye nyumba usiyemjua. Huyo kijana, au aliyempa, alipokuwa akitoa vile visivyo na kazi, kuna na alichokiweka. Kimekaa siku tano kinasoma, kimechukua kilichotaka, ndipo kikafunga. Na flashi uliiacha imechomekwa, kwa hiyo nayo kikaifikia."

"Huwezi kufungua?" baba aliuliza.

"Siwezi, kaka. Nisikudanganye. Na usilipe. Mtu aliyekuibia hana sababu ya kutimiza ahadi."

"Na kama angeniambia Jumanne?"

Dada fundi alimtazama Injinia, kisha akamtazama baba. Hakutaka kusema, lakini alisema. "Jumanne tungeikata mtandao, tungeichomoa flashi. Michoro mingi ingepona."

Injinia alitamani ardhi ipasuke. Lakini dada fundi hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake alie bure. "Umesema kweli, sasa kazi ianze. Baba yako abadilishe manenosiri yake yote, kwa simu, si kwa mashine hii. Wazazi wote waambiwe, maana namba zao zimekwenda. Wakipata ujumbe wa ajabu unaotumia jina la fundi, wasiuamini. Mimi nitaifuta kompyuta yote. Na kwa taarifa yako, kuna mifumo endeshi miepesi ya bure, halali kabisa, inafaa mashine kuukuu kama hii. Inapatikana kwa watengenezaji wenyewe, na unahakiki kwanza kwamba ulichopakua ndicho walichokitoa. Ungeniuliza tu!"

Mchana ule baba na mwana walikaa na simu ya baba na daftari lake la zamani la namba, wakapiga namba moja baada ya nyingine. Walikuwa wazazi thelathini na mmoja. Baba alisalimia, kisha akampa simu Injinia aeleze mwenyewe. Wengine walisema pole, watakuja kupimwa tena. Mama mmoja alikasirika, naye alikuwa na haki. "Picha za miguu ya mwanangu ziko mikononi mwa nani sasa?" aliuliza. Injinia alisema, "Sijui, mama. Nisamehe," na mama yule akakata simu.

Ya bibi yake Kibibi haikupokelewa. Waliipigia hadi jioni.

"Kadibodi ya mguu wake iko wapi?" Injinia aliuliza kwa matumaini madogo.

"Niliikata wiki iliyopita," baba alisema. "Hapo kosa ni langu. Nilikiweka kila kitu mahali pamoja." Akakuna kichwa. "Kesho alfajiri tunapanda basi. Beba penseli mbili."

Ijumaa mchana walimkuta bibi uani, anachambua mboga, na Kibibi amekaa kwenye mkeka akichora herufi chini kwa kijiti. Alipomwona fundi, Kibibi alipiga makofi. "Viatu vyangu! Umeniletea?"

Baba alimtazama Injinia. Ikawa zamu yake.

"Viatu bado, mdogo wangu," Injinia alisema. Akamgeukia bibi. "Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyepoteza mchoro wa mguu wa Kibibi. Niliweka kwenye kompyuta kitu nisichokijua, kikauharibu. Kisha nikamficha baba. Tumekuja kuomba kumpima tena."

Bibi aliacha mboga. Alimtazama msichana kwa muda mrefu, kutoka utosini hadi miguuni. "Mchoro umepotea," alisema pole pole. "Na mguu?"

"Mguu... mguu anao mwenyewe, bibi."

"Basi mnangoja nini? Pimeni, basi la kurudi haliwangojei." Kisha akaongeza, na hapo hakuwa akitania: "Lakini umenishtua, mjukuu wangu. Kidogo tu, na mtoto huyu angekosa shule kwa sababu yako."

Safari hii penseli aliishika Injinia. Alipiga magoti, akauzunguka unyayo ule mdogo uliopinda, huku baba akimwelekeza. Kibibi alicheka kwa kutekenywa. Ilikuwa mara ya kwanza Injinia kuugusa mguu wenyewe, siku zote alikuwa akiuona kwenye kioo. Ulikuwa na joto, na kando yake palikuwa na sugu gumu mahali Kibibi anapokanyagia. Aliandika mwenyewe pembeni: hapa panauma.

Jumamosi walishona tangu asubuhi. Dada fundi alirudisha kompyuta, safi, ikiwa na mfumo mwepesi wa halali. Alasiri, kiatu cha pili kiliwekwa kando ya cha kwanza, vikafungwa kwenye boksi, na boksi likakabidhiwa kondakta wa basi la jioni, mtu ambaye baba anafahamiana naye. Jumapili asubuhi bibi alipiga simu. Hakusema mengi. Alisema tu, "Sikilizeni," akaiweka simu karibu na sakafu. Ikasikika hatua moja, kimya, hatua nyingine, halafu Kibibi akapiga kelele, "Bibi, niache! Usinishike!"

Injinia alilia bila kujificha.

Baba alizima simu, akaanza kukusanya vipande vya ngozi. "Unajua kilichoniuma si kompyuta," alisema. "Yule mtu wa mtandaoni alikupa kitu, akakuficha kilichomo. Akakudhuru. Lakini yule hatujui, hakutupenda wala hakutuchukia. Wewe ulinipa kitu kilekile, ukanificha kilikotoka. Na mimi nilikushika mkono nikakuambia hongera."

Injinia aliinamisha kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Kutojua si aibu," baba aliendelea. "Kabla ya kupakua kitu, uliza kimetoka kwa nani, na anayekitoa ni mwenyewe au la. Ukiambiwa uzime kinga, acha hapohapo. Na ukikosea, niambie siku hiyohiyo, hata kama nitakasirika. Hasira yangu hupita. Siku tano za kimya ndizo zilizotuponza."

"Bado utaniachia kompyuta, Baba?"

Baba alifikiri. Hakujibu upesi ili kumfurahisha, naye Injinia alilithamini hilo.

"Nitakuachia," alisema mwisho. "Kwa sababu Alhamisi uongo ulikuwa mdomoni mwako, nikauona, ukaumeza. Sasa nipe kadibodi ya Kibibi. Kuanzia leo kila kadibodi tunaiweka kabatini."