Kamba ya Kupimia Paja

Gatakaa alikuwa na miaka sitini na moja, na hakuwa mtu wa kudanganywa. Akinunua mkaa, aliingiza mkono hadi chini ya gunia. Akiambiwa ibada ni saa nne, alifika saa tatu aone kama ni kweli.

Shamba lake la chai lilikuwa kwenye mteremko, karibu na Githongo. Kila asubuhi alishuka na kikapu mgongoni akachuma majani. Kisha goti la kulia likaanza kuuma. Daktari alimpiga picha akamwambia, "Gegedu lako, ule mto laini kati ya mifupa, limelika."

Gatakaa alishika neno moja tu: limelika. Jembe lililolika huwekwa kando. Basi akaliweka goti kando. Akaacha kuchuma chai. Kutwa aliketi kwenye kigoda jikoni. Miezi mitano ilipopita, hakuweza kuinuka hapo bila kushika meza.

Siku moja alianguka karibu na moto, akiwa na sufuria mkononi. Mwanawe Mutuma, anayefanya kazi mjini Meru, alikuja na mkewe Kajuju.

"Mama, shule zikifungwa Agosti utahamia kwetu Kinoru," Mutuma alisema. "Utaungua hapa."

"Na chai yangu?"

"Tutatafuta mtu wa kuiangalia."

"Mtu gani?"

Mutuma alimtupia Kajuju jicho. Kajuju akatazama dirishani. Gatakaa aliuona huo mtazamo, akauweka moyoni. Kumbe huo ndio mpango! Wanamtoa kwake, halafu chai inabaki na Kajuju.

Wiki hiyo hiyo Kajuju alimpeleka kituo cha afya. Huko kulikuwa na fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa binti wa Embu, jina lake Wambeti. Hakuwa na sindano wala vidonge. Alikuwa na kiti na taulo.

"Mama, inuka bila kushika," Wambeti alisema.

Gatakaa alijaribu. Alirudi kitini kwa kishindo.

"Haya, nyosha miguu. Kaza paja la kushoto, uliguse. Sasa la kulia."

La kushoto lilikuwa gumu. La kulia lilikuwa laini, tena jembamba kidogo. Gatakaa alishtuka, lakini hakuonyesha.

"Goti likiuma, mwili unalilinda," Wambeti alieleza. "Unapunguza nguvu za msuli wa paja. Msuli unakuwa kama umelala. Ukikaa bila kuutumia, unadhoofika zaidi. Sasa uzito unaliangukia goti, na goti linazidi kuuma. Wanawake wengi wa umri wako wako hivyo."

"Lakini limelika! Nikilitumia si litaisha kabisa?"

"Hapana, mama. Jembe ni chuma, halijijengi. Wewe uko hai. Ukiutumia mwili kwa kiasi, unapata nguvu. Lakini sitakudanganya. Gegedu halitarudi kuwa jipya. Paja likiamka, litalisaidia goti kubeba."

Gatakaa alimtazama sana. Mwongo angeahidi makubwa kuliko hayo. Au huyu ni mwongo mwerevu?

Wambeti alikunja taulo, akaliweka chini ya goti. "Bonyeza taulo kwa goti. Kaza paja, hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi. Kisha keti kwenye kiti, nyosha mguu mbele, uushushe polepole. Mwisho, inuka kwenye kiti kirefu na uketi tena. Ukizoea, tumia kifupi zaidi."

"Na dawa?"

"Zile daktari alikupa, meza alivyosema. Usinunue dawa ya unga ya sokoni usiyojua ina nini."

Alipotoka, Gatakaa aligeuka. Kajuju alikuwa amebaki mlangoni, akimnong'oneza Wambeti. Wote wawili walicheka.

"Aa," Gatakaa alijiambia. "Wamekula njama. Ananipa mazoezi ya bure ili nishindwe, nihamishwe."

Nyumbani alichukua kamba ya mgomba. Akapima vidole vinne juu ya goti, akazungusha kamba pajani, akafunga fundo mahali ilipokutana. Atafanya mazoezi yote, asibakize hata moja. Kisha atawaonyesha kamba ile ile, paja lile lile, na uongo wao utakuwa mezani.

Akafanya kila siku. Wiki ya kwanza goti liliuma, akampigia Wambeti simu akiwa amefurahi.

"Linauma! Nilijua!"

"Maumivu yanatulia kesho yake?" Wambeti aliuliza.

"Yanatulia," alikubali shingo upande.

"Basi endelea. Yakizidi kesho yake, punguza. Lakini goti likivimba ghafla na kuwa moto, au ukipata homa, usingoje. Nenda hospitali."

Wiki ya sita ilifika, na shule zikafungwa. Gatakaa alijifungia chumbani, akazungusha kamba. Fundo lilikaa pale pale. Paja halikuongezeka hata kidogo.

Alikuwa amewakamata. Basi mbona alitaka kulia? Aliketi kitandani akiishika ile kamba. Kama mazoezi ni uongo, kesho anahamia Kinoru. Na chai yake haitamwona tena.

Jumamosi Mutuma na Kajuju walifika na mabegi matupu. Gatakaa alikuwa kwenye kigoda, akitoa nduma kwenye sufuria na kuzitia kwenye beseni.

"Kuleni kwanza," alisema kwa hasira. Akainuka na beseni, akaenda mezani.

"Mama!" Kajuju alipaza sauti. "Simama hapo hapo!"

"Kwani nimeiba nini?"

"Umeinuka."

"Ulitaka niwapelekee nduma nikiwa nimekaa?"

"Mikono yote miwili ilikuwa kwa beseni, mama. Hukushika meza."

Gatakaa alitazama beseni. Akatazama kigoda. Akaliweka beseni chini, akaketi, akainuka. Akaketi tena, akainuka tena. Goti lilinung'unika kidogo, lakini paja lilimsukuma juu.

Akachukua simu. "Wewe Wambeti! Kamba yangu haijaongezeka, na nimeinuka. Umenifanyia nini?"

Wambeti alicheka. "Msuli huamka kabla ya kunenepa, mama. Kwanza unajifunza tena kufanya kazi, nguvu zinarudi. Unene hufuata polepole, hata miezi. Usiache mazoezi."

Mutuma alibeba mabegi, akayarudisha garini.

"Na nyinyi siku ile mlinong'ona nini?" Gatakaa alimgeukia Kajuju.

Kajuju aliona haya. "Nilimwambia akusaidie ubaki kwako. Nyumba yetu ni vyumba viwili, mama. Na wewe ungepekua hata chumvi yangu."

Gatakaa alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka hadi machozi. Alikuwa amemshuku mtu pekee aliyempigania.

Mwezi uliofuata alishuka tena shambani, polepole, na kikapu kidogo. Jioni hiyo alimkamata jogoo wake mkubwa, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba yenye fundo moja, akampa Kajuju.

"Mpelekee Wambeti. Na kamba asinirudishie."