Zamu ya Mabinti

"Kaniletee jembe langu, mwanangu. Nimelisahau shambani."

Jua lilikuwa linazama. Binti huyo, fundi cherehani, ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka mjini, hata maji hajanywa. Lakini mama akituma, unabishaje? Akatoka.

Njia nzima ilikuwa magofu. Zamani malori yalipanga foleni hapa kusomba mahindi. Watu walijenga nyumba za bati, wakasomesha watoto wao wa kiume mpaka ng'ambo. Kisha mashamba yakafa, na mchwa wakala milango. Udongo umechoka, walisema wazee. Udongo! Hauna mdomo, ndiyo maana husingiziwa.

Jembe lilisimama katikati ya shamba, mpini juu. Akaushika, akavuta.

Halikutoka.

Akataka kuuachia mpini.

Mkono nao ukakataa.

Ndipo akasikia... kwa... kwa... kwa... Majembe. Mengi. Ikaja harufu ya udongo mbichi, kama kaburi lililofukuliwa. Mstari wa watu ukajitokeza kwenye utusitusi, wameinama, wanalima. Wote wasichana. Hapakuwa na mvulana hata wa dawa.

Wa mwisho akageuza uso.

Dada yake. Yule waliyeambiwa kaolewa mbali. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Fundi sasa alikuwa mkubwa kuliko dada yake.

"Nani kakutuma?" dada alinong'ona.

"Mama."

"Hata mimi."

Fundi akageuka. Mama alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, kajitanda khanga, katulia kama anayesubiri chungu kichemke.

"Mama, nitoe! Nitoe hapa!"

"Kila nyumba ilitoa wake, mwanangu. Ndivyo tulivyoshiba. Wenzangu walipoanza kuwatorosha mabinti zao kwenda mjini, njaa ikaingia."

"Mbona hukumtuma kaka?"

Mama alishangaa. Alishangaa kwelikweli.

"Kaka yako? Sasa ukoo ataubeba nani?"

Mtaka cha mvunguni huinama, husema watu. Hawa walikitaka cha mvunguni, wakawainamisha binti zao.

Mgongo wa fundi ukapinda wenyewe. Jembe likanyanyuka, likashuka. Kwa... Alipiga kelele, lakini mdomo ulishajaa udongo.

Msimu ule mahindi yalimpita mtu kimo. Malori yakarudi. Habari zikaenea kwamba kijiji kimefufuka, na wageni wakaanza kuja na magodoro yao kutafuta pa kuanzia maisha.

Chini kabisa, kwenye giza la mizizi, fundi alikuwa akilima. Siku moja akasikia sauti ya mama juu yake, laini, imejaa ukarimu.

"Karibuni jamani, ardhi tele. Limeni mpaka kule mtoni, hakuna wa kuwauliza."

"Tunashukuru sana, bibi."

Nyayo za mama zikasogea.

"Na huyu kichanga mgongoni... wa kike?"

"Wa kike, bibi."

"Haya, mama. Mlee vizuri."