Mgeni Aliyeingia Kwenye Timu

Kila jioni, Shadia alipomaliza kuosha vyombo, mama yake alimwachia simu kwa nusu saa. Hapo nyumbani kwao, mtaa wa Katubuka, aliingia kwenye gemu pamoja na wanadarasa wenzake wawili, Gideon na Marsiana. Walikuwa wakijenga kijiji na kukilinda dhidi ya wavamizi. Shadia alijenga, Marsiana alitafuta chakula, Gideon alilinda lango.

Jumatatu moja lango likaachwa wazi. Kijiji kikateketea chote.

"Mzembe wewe!" Shadia aliandika. "Kazi ya wiki tatu umeiharibu!"

Gideon alinuna. Tangu hapo shuleni walipishana kama wasiojuana. Marsiana alichoka kuwasuluhisha, akaacha kucheza.

Ndipo akaingia mchezaji aliyejiita Kaka Mwema. Alicheza vizuri, akamsifia Shadia, kisha akaanza kumwandikia faragha. "Gideon anakuita mwizi. Rafiki yako ni mimi tu." Shadia alilia kwa hasira, akaamini. Siku zilivyokwenda, maswali yakaongezeka. Unapita njia gani? Mama hurudi saa ngapi?

Ijumaa hiyo mama alikuwa ameiacha simu nyumbani alipokwenda kibandani kwake sokoni. Kaka Mwema akaandika: "Kesho saa tisa njoo Bangwe, ufukweni. Nina simu yako mpya. Usimwambie mtu." Kabla Shadia hajajibu, ukaja ujumbe mwingine: "Na lile begi lako jekundu limechakaa. Nitakununulia jipya."

Shadia aliusoma tena ujumbe ule. Hakuwahi kumwambia habari za begi. Alichungulia dirishani. Watu walipita kama kawaida, lakini kila mwanamume alionekana kumtazama yeye.

Alikimbilia kwa Gideon, nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Eti uliniita mwizi?"

"Mimi? Si wewe uliyesema baba yangu mlevi? Kaka Mwema kaniambia!"

Walilinganisha simu. Maneno yalikuwa ya mtu mmoja, uchonganishi ule ule. Gideon naye alikuwa ameitwa Bangwe, saa kumi.

"Na lango je?" Shadia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bando la intaneti liliisha kabla sijalifunga. Nilitaka kukueleza, ila ulikuwa umeshanitukana."

"Nisamehe. Ningeuliza kwanza."

"Na mimi nilinuna badala ya kusema."

Walimpitia Marsiana. Shadia alitaka kufuta ujumbe wote kwa aibu, lakini Marsiana akamshika mkono. "Usifute. Tumwonyeshe mama yako."

Mama Shadia, fundi cherehani katika soko la Mwanga, alisoma, mguu ukasimama juu ya pedeli. Hakugomba. Alifunga kibanda, akawapeleka polisi kwenye dawati linaloshughulikia unyanyasaji wa watoto.

Kesho yake askari waliovaa kiraia walimkamata mwanamume mwenye mvi akisubiri ufukweni Bangwe. Shadia alipoonyeshwa picha ya mtu huyo, alimtambua. Alikuwa amemwona mara nyingi akiwa amesimama ng'ambo ya geti la shule. Kwenye simu ya mwanamume huyo kulikuwa na majina ya watoto wengine saba.

Jioni ile Mama Shadia aliwakalisha wote watatu mkekani.

"Yule mtu hakuwa na nguvu za ajabu," alisema. "Aliona ufa kati yenu, akapita hapo. Mkikosana, ulizaneni ana kwa ana, msingoje mtu wa kati. Na mtu mzima anayemwambia mtoto 'usimwambie mtu', huyo ndiye wa kusemwa kwanza kwa wazazi. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mama," walijibu kwa pamoja.