Kisogo cha Kutman

Kila asubuhi ya majira ya baridi Jazgul huamka wa kwanza. Huwasha jiko kwa samadi kavu, huchemsha chai na kutia maziwa. Kisha hukaa karibu na mlango, penye viatu, akiwamiminia wengine. Hapo ndipo mahali pa mke wa mwana. Mkwewe, mama Burulkan, hukaa ndani kabisa, mkabala na mlango, juu ya magodoro matatu. Hapo ni mahali pa heshima. Kwetu milimani kila nyumba iko hivyo, na yangu pia.

Kati yao, kando ya jiko, kuna susu, kitanda cha kubembezea mtoto. Kutman ana miezi minne. Hulala chali humo karibu siku nzima, amefungwa mikanda ya nguo mikononi na miguuni. Kichwa chake huwekwa upande wa jiko. Upande wa pili ni ukuta wa nje, na ukuta huo huota barafu hata kwa ndani.

Mimi ni Saadat, mhudumu wa afya wa kijiji. Watu huniita daktari, na nimechoka kuwakatalia.

Siku moja Jazgul alinijia zahanati huku analia.

"Dada Saadat, njoo umwone mwanangu. Kichwa kimekwenda upande."

"Tangu lini?"

"Sijui. Jana shangazi yake mume wangu alimtazama akacheka. Eti, 'Mtoto mzuri, ila kichwa kama mkate uliokaliwa!' Mama mkwe naye akasema, 'Damu ya kwenu bondeni hiyo. Kwetu vichwa ni vya duara.'"

"Alisema mbele yako?"

"Mbele yangu, nina birika mkononi. Sasa kila jioni anakikanda kichwa na kukikaza kwa kitambaa. Mtoto analia, nami siwezi kumwambia mama aache. Akibaki hivi je, dada? Si watamcheka mpaka uzeeni?"

Nilichukua mkoba wangu tukaenda.

Nilimfungua Kutman, nikamshika kichwa. Kisogo kilikuwa bapa upande wa kulia, na sikio la kulia limesogea mbele kidogo. Niligeuza shingo taratibu. Iligeuka vizuri pande zote. Alikuwa akicheka na kupiga mateke, mzima kabisa.

"Mama," nilisema, "naomba usikikande tena. Wala kitambaa usikifunge."

Mama Burulkan alinikazia macho. "Mama yangu alinikanda mimi. Nina kasoro gani?"

"Huna, mama. Mimi pia nilikandwa. Lakini leta kidole chako. Gusa hapa utosini, polepole."

Aligusa. Akaurudisha mkono haraka.

"Kunapigapiga!"

"Ni damu inapita. Fuvu la mtoto halijaungana bado. Ni vipande vipande, ili ubongo upate nafasi ya kukua. Ukikanda, unabonyeza usichokiona. Lakini kwa kuwa ni laini, linaweza kurudi lenyewe tukiliondolea uzito. Udongo upate ungali maji. Tukichelewa litakuwa gumu."

Akauliza kwa ukali, "Na haya mashavu yetu mapana? Na hizi pua? Nazo zimetoka kwenye susu?"

Swali hilo nalipenda kuliko yote. Nikiulizwa, chai yangu hupoa.

"Hapana, mama. Hiyo ni kazi ya miaka mingi mno. Jazgul, fungua mlango kidogo. Mama, vuta hewa kwa mdomo."

Alivuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Unataka kuniua?"

"Sasa kwa pua."

Alivuta. Hakukohoa.

"Umeona? Hewa ile ile! Imeingia ikiwa barafu, na kabla haijafika kooni imekwisha kupata joto na unyevu. Safari yenyewe haizidi urefu wa kidole. Wataalamu wamepima pua za watu wa nchi nyingi. Palipo baridi na ukavu, mara nyingi pua ni nyembamba. Palipo joto na unyevu, mara nyingi ni pana. Hata vichwa vya duara wamevikuta zaidi kwenye baridi. Wengine wanadhani ni kwa sababu kitu cha duara hakipotezi joto upesi. Lakini hilo lilichukua maelfu ya miaka, wazazi wakirithisha watoto. Na si baridi peke yake, kuna ukoo na chakula pia. Baridi ya mwaka huu haiwezi kuibadili pua ya Kutman. Na umbo la kichwa halisemi lolote kuhusu akili ya mtu."

Mama Burulkan alijishika pua yake kana kwamba ameipata leo. "Mungu mkubwa," alisema kwa sauti ndogo. "Maelfu ya miaka, hapa usoni pangu!"

"Na bondeni kwao Jazgul ni mwendo wa siku moja kwa gari, mama. Damu yake haikupindisha kitu."

"Basi kimepindwa na nini?"

Alipouliza, amekwisha kurudi juu ya magodoro yake, Kutman aligeuza kichwa kulia, kumtazama. Nikamtazama mtoto, kisha bibi yake.

"Mama, sema tena."

"Niseme nini? Huyu daktari ana wazimu leo."

Mtoto alicheka, kichwa kimelala pale pale kwenye ubapa wake. Jazgul alikuwa kushoto, mlangoni, kimya, kama mke wa mwana anavyotakiwa kuwa. Upande huo hapakuwa na sauti ya kumwita.

"Tazameni!" nilisema. "Kwa ajili ya baridi, kichwa lazima kiwe upande wa jiko. Kikiwa huko, bibi yuko kulia daima. Anakupenda, mama, basi anakutazama wewe mchana kutwa. Baridi ya nje imefika mpaka kwenye mfupa wake bila kumgusa!"

Nikawaeleza. Alale chali kila anapolala, lakini kichwa kigeuzwe. Akiwa macho, atolewe susuni, abebwe, na alazwe kifudifudi mara kadhaa kwa siku mtu akimwangalia. Miguu isikazwe.

"Na susu tuligeuze?" aliuliza Jazgul.

"Kichwa kiende kwenye ukuta wa barafu? Hapana. Ila sauti ingetoka upande wa..." Nikaishia hapo. Mimi ni mtu wa huku. Hakuna anayemwambia mama mkwe akakae penye viatu.

Mama Burulkan alinyanyuka, magoti yakilia. Akavuta godoro moja, akaliburuta hadi mlangoni, akasukuma viatu kwa mguu.

"Mama, usifanye hivyo!" Jazgul aliruka, uso umemwiva.

"Sogea huko. Kutman! Kutman wangu!"

Mtoto alihangaika kidogo. Kisha polepole akageuka kushoto.

Mama Burulkan alikaa mlangoni majira yote ya baridi yaliyobaki. Baridi ilimpiga mgongoni, akajifunga shuka mbili. Siku moja shemeji yake mzee aliingia, akakaribia kumkanyaga.

"Jazgul!" alifoka. "Umemweka mama yako kwenye viatu?"

Jazgul alimwaga chai.

"Nimejiweka mwenyewe," alisema mama Burulkan. "Wewe panda huko kwenye heshima, ukae peke yako. Sisi tuna kazi hapa."

Theluji ilipoyeyuka, Kutman alikuwa anakaa bila kushikwa. Nilimpima. Kisogo kilikuwa kimejaa. Umebaki ubapa mdogo tu, na nywele zitaufunika. Sikio limerudi karibu na mahali pake. Nimewapima watoto wengi, na bado nilistaajabu.

Mama Burulkan alipitisha kiganja kwenye kisogo kile mara nyingi, macho yamejaa machozi.

"Jazgul, mwanangu," alisema. "Nilisema ni damu yenu. Haikuwa damu yenu. Mfupa huu ulikuwa unanifuata mimi."