Kifagio Kilichofagia Sauti

Kila siku baada ya masomo, wenzake wakiwa bado wanafunga mikoba, Chapuchapu alikuwa ameshafika kwenye chumba cha kompyuta. Jina hilo alipewa kwa sababu alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na hata chafya alipiga kama anayewahi jambo. Alifuta vumbi mezani, akawasha kompyuta kubwa ya chama chao cha kompyuta na kutazama alama.

Alama yenyewe ilikuwa duara dogo kwenye kioo. Wanachama walikuwa wakitengeneza programu ya kusikilizia masomo waliyoyarekodi wenyewe, kwa ajili ya mwenzao asiyeona, msichana mcheshi aliyejipachika mwenyewe jina la Redio. Kila walipobadilisha programu, kompyuta iliijaribu yenyewe ndani ya kontena, yaani kijichumba kilichofungwa, kinachojengwa upya kwa kila jaribio. Jaribio likifaulu, alama ilikuwa kijani, likishindwa, nyekundu. Mwishoni amri waliyoiita kifagio ilipita kusafisha mabaki ya jaribio, ikafuta kila ilichoruhusiwa kufuta.

Siku moja alama ilikuwa nyekundu, na chini yake yaliandikwa maneno mawili: Ruhusa imekataliwa.

Mwalimu wao alikuwa amewaambia mara nyingi, "Ruhusa ikikataliwa, jiulize kwanza: faili ni la nani, na anayelitaka ni nani?" Lakini kujiuliza kunakula muda, na mtihani wa Redio ulikuwa umekaribia. Chapuchapu alikumbuka amri moja aliyowahi kuiona, ya kufungua mafaili yote kwa watu wote. Akaiandika, akarudia jaribio. Kijani. Akajipongeza na kwenda kunywa maji.

Aliporudi alimkuta Redio amevaa vipokea sauti, amekunja uso.

"Mbona programu imekuwa bubu?" Redio aliuliza. "Nabonyeza somo la kwanza, kimya. La pili, kimya."

Chapuchapu alifungua folda ya sauti. Ilikuwa tupu. Akaifunga, akaifungua tena. Masomo yote waliyoyarekodi kwa zamu muhula mzima yalikuwa yametoweka, hata faili moja halikubaki.

Mwalimu aliingia na wanachama wengine. Redio akawapa habari. Kisha macho yakaanza kugeuka, moja baada ya jingine, kumwelekea Mikono, mvulana ambaye kila alichokishika kilianguka.

"Mikono, umegusa nini tena?" mmoja akauliza.

"Leo sijagusa hata kiti," alijibu Mikono. Hakuna aliyemwamini.

"Kama ni wewe, sema tu, mwanangu," Mwalimu alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomliza Mikono.

Chapuchapu aliona aibu. Angeweza kunyamaza; kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe. Akamtazama Mikono akijifuta machozi kwa kola ya shati.

"Siyo yeye, Mwalimu. Ni mimi. Nilifungua kila kitu ili alama iwe kijani."

Mwalimu aliketi taratibu, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Haya, njoo unionyeshe," akasema hatimaye.

Walichunguza pamoja. Ndani ya kontena, majaribio yaliingia kwa jina la Mgeni, lakini folda ya majibu ilikuwa mali ya mtumiaji mwingine, Mkuu. Mgeni alipotaka kuandika majibu yake, alikataliwa. Hilo tu ndilo lililokuwa tatizo. Ile amri ya Chapuchapu ilifungua hata folda ya sauti, iliyounganishwa na kontena kutoka nje, ambayo Mwalimu aliifunga makusudi ili kifagio kiipite bila kuigusa.

"Kifagio hakina kosa," alisema Mwalimu. "Kilikuta mlango wazi, kikafagia."

Chapuchapu alirudisha kufuli zote, kisha akampa Mgeni folda ya majibu peke yake. Alama ikawa kijani, na safari hii hakuna aliyeshangilia.

"Na sauti?" Mikono aliuliza.

Mwalimu alikohoa. "Nakala niliyoweka ni ya zamani. Haina hata somo moja la muhula huu. Hapo na mimi nimekosea."

Redio akacheka. "Washeni kinasa sauti. Kwani mlidhani nasikiliza bure? Masomo ya mwanzo yamo humu kichwani, pamoja na kikohozi cha Mikono. Nitayasema mimi, wadogo zangu waje wayasikie. Ya mwisho ndiyo sijayafikia. Hayo asome Chapuchapu, tena polepole, maana mtihani ni wangu."

Mwalimu aliwatazama wote, kisha akamgeukia Chapuchapu. "Mlango mmoja ukigoma, tafuta ufunguo wake, usibomoe nyumba. Na ukishabomoa, jitokeze kabla kifusi hakijamwangukia mwenzako. La kwanza umelikosea leo, la pili umelipata."

"Nisamehe, Mikono," Chapuchapu alisema.

Mikono alichukua kinasa sauti, akakisogeza karibu na mdomo wa Redio, kisha wa Chapuchapu, akakishika kwa mikono miwili mpaka somo la mwisho likaisha. Hakikuanguka.