Nani Amefuta Somo la Kola?

Kila asubuhi fundi cherehani hufungua dirisha la chumba chake cha kushonea, hutia mashine mafuta, kisha husoma simu. Ana blogu. Humo anawafundisha watu kushona, na hafichi kitu.

Siku hiyo alikuta ujumbe wa msomaji. "Mwalimu, nimeshakata kitambaa cha shati. Linki ya somo la kola inasema ukurasa haupatikani. Nifanyeje?"

Akaibonyeza linki. Kweli. Namba 404 na maneno mawili tu: "Ukurasa haupatikani."

Akili yake ikaenda moja kwa moja kwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi ndiye mpiga picha wa blogu, na wao wawili tu ndio wanaojua neno la siri. Halafu juzi walipishana maneno juu ya picha ya kifungo. Nani mwingine basi?

Wifi akaingia na chai. "Mbona umenuna?"

"Sijanuna."

"Mh. Haya."

Hiyo "haya" fundi aliiona ina jambo ndani yake. Chai hakuigusa. Mtu akishakushuku, bwana, hata ukipiga chafya ataona umefanya kusudi.

Mchana akakuta linki za masomo mengine manne nazo hazifunguki. Fundi akabadilisha neno la siri kimyakimya. Jioni wifi akaja na kamera begani na simu mkononi. "Wifi, blogu inanikatalia kuweka picha."

"Nimebadilisha neno la siri."

"Kwa nini?"

"Jiulize."

Wifi akaweka kamera mezani, akatoka. Kesho yake hakuja kabisa chumbani.

Aliyekuja ni jirani, mtengenezaji wa kompyuta, kuchukua suruali yake. Fundi akamwaga yote. "Wifi yangu amenifutia kazi ya miaka minne."

"Umemwona?"

"Nimwone wapi? Najua tu."

"Hebu ifungue tuone."

Wakafungua orodha ya makala. Somo la kola lilikuwepo, zima, na picha zake zote. Fundi akakodoa macho.

"Jumamosi ulifanya nini humu?" jirani akauliza.

"Nilisafisha tu. Majina yalikuwa marefu, nikayafupisha. Na anwani zilizo chini yake nikazifupisha pia, zifanane."

"Ndipo hapo. Ukibadilisha anwani, ukurasa unahama. Linki walizonazo watu zinawapeleka pale pa zamani, na pale hakuna kitu."

Jirani akatazama ukutani, kwenye misumari ya karatasi za kukatia nguo. Msumari mmoja ulikuwa na kikaratasi tu: *Suruali iko msumari wa saba.*

"Na hiki?"

"Nikihamisha karatasi ya kukatia, naacha hicho, ili wifi asihangaike." Aibu ikamshika.

"Basi blogu nayo inataka kikaratasi. Kazi hiyo inaitwa kuelekeza upya. Ingia kwenye mipangilio. Hapa andika anwani ya zamani, hapa mpya. Hifadhi. Halafu jaribu linki ya zamani."

Akajaribu. Somo la kola likafunguka. Akafanya hivyo kwa yote matano.

"Siku nyingine badilisha jina, anwani iache," jirani akasema. "Na ule ukurasa wa 404 uandike vizuri, ili aliyepotea ajue pa kwenda."

"Na wifi nitamwambia nini?"

"Hapo mimi si fundi."

Akaenda mwenyewe hadi chumbani kwa wifi. "Wifi, nimekukosea. Hakuna aliyefuta kitu. Nilihamisha mwenyewe, lawama nikakutupia wewe. Nisamehe." Akampa neno la siri jipya, akamweleza na habari ya ule ukurasa wa 404.

"Iliniuma sana," wifi akasema. "Huo ukurasa wa waliopotea nitauandika mimi."

Wiki ile yule msomaji alituma picha ya shati lake. Kola ilikuwa imekaa sawa. Na hadi leo, ukikosea anwani kwenye blogu ile, utasoma hivi:

"Samahani, unachotafuta hakiko hapa. Andika jina la somo kwenye kisanduku cha kutafutia, au chagua kwenye orodha. Usipolipata, tuandikie. Wifi hajalifuta."