Tashbihi Ishirini na Mbili

Katika Kitale nzima hakukuwa na mtoto wa darasa la saba aliyejua tashbihi kumshinda Shamira. Haya, tuseme katika ploti yao ya nyumba za kupanga. Na kusema kweli, katika ploti hiyo darasa la saba walikuwa wawili tu, na mwenzake alikuwa kitandani na surua.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 2006. Mwalimu Nakhumicha alikuwa ametangaza kwamba insha moja tu, "Mvua Ilipotukuta", ingechaguliwa kwenda kusomwa kwenye mashindano kule Bungoma. Shamira akafungua daftari alimonakili misemo, akaimwaga yote. Watu walikimbia kama duma, mawingu yakanguruma kama simba, na mvua ya mawe ikawa nyeupe kama theluji. Alihesabu tashbihi ishirini na mbili.

Akapata kumi na tatu kwa arobaini. Kando ya kila tashbihi mwalimu alikuwa ameuliza: "Uliona wapi?" Lakini alimruhusu aandike upya, mwisho kesho asubuhi.

Nyumbani alimlalamikia mamake, Bilan, aliyekuwa akigeuza mahindi kwenye turubai kando ya barabara. Alisema mwalimu huyo haridhiki: usipopamba ni kosa, ukipamba ni kosa kubwa zaidi. Kisha akaketi mlangoni, akaandika, akachana. Akaandika tena, akachana. Karatasi ya tano aliitafuna kabisa.

Mara mabati ya mbali yakaanza kulia.

"Shamira, lete gunia," mamake akasema. "Mvua hiyo inakuja kama watu wa chanjo. Nyumba kwa nyumba, haimruki mtu."

Shamira akaduwaa, gunia mkononi. Ndivyo ilivyokuwa hasa: bati la kina Chesang, kisha la kina Munene, kisha lao. Mamake akamuuliza kama anangoja mahindi yaote ndipo asaidie.

Kesho yake Mwalimu Nakhumicha aliisoma insha mpya mbele ya darasa. Alipofika kwa watu wa chanjo, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hiyo ndiyo ya Bungoma.

"Mmesikia?" akawaambia wanafunzi. "Tazama kwanza, ndipo ufananishe. Ukiazima macho ya mtu mwingine, msomaji hataona chochote."

Shamira alikuwa bado anatabasamu mwalimu alipofika mstari wa mwisho.

"Hapa barabara imejaa maji kama bahari. Bahari umeiona?"

"Ndiyo, Mwalimu. Tulienda Mombasa likizo ya Agosti."

"Na maji yake uliyaonja?"

"Matamu sana, Mwalimu. Mama aliyapikia chai."

Kisha mwanafunzi mwenzake Wangila, aliyezaliwa Likoni kule pwani, akauliza polepole walikunywaje chai yenye chumvi yote hiyo.